Vikombe vya Omari

Siku moja hainitoki, mwanangu, ingawa nimezeeka na mengi nimesahau. Tulikuwa tukingojea wageni wa posa yangu, hapa hapa mtaani Kuze. Ndugu yangu Omari alikuwa na miaka ishirini. Mtu mzima, lakini kuvaa na kula alisaidiwa, na maneno yake hayakuzidi kumi. Kila siku baada ya alasiri alishuka barazani kuosha vikombe vya Mzee Athmani, muuza kahawa. Kazi hiyo ndiyo iliyomtuliza.

Siku ile nikamfungia stoo. Nilichelea wakwe wasije wakasema ukoo wetu una kasoro. Alasiri ikapita, akaanza kugonga mlango kwa kichwa. Wageni wameshika sahani za halua, wanatazamana, na mama analia jikoni.

Mzee Athmani akapiga hodi. "Nipeni mtu wangu," akasema. "Vikombe vyangu vichafu."

Nikafungua. Omari alikuwa anatoka damu usoni. Mzee akamtia kikombe kimoja mkononi, akakaa naye chini pale pale mpaka pumzi zikatulia. Kisha akanigeukia, taratibu.

"Binti yangu, wamficha mtu ambaye mtaa mzima wamjua?"

Nikaona haya, na haya hiyo ninayo mpaka leo. Posa haikuvunjika, lakini hilo halina uzito sasa.

Mzee Athmani keshatangulia mbele ya haki. Omari ana mvi, nami magoti hayataki tena ngazi. Nimechoka, mwanangu, sikufichi. Kuna asubuhi namvisha shati huku nalia. Peke yangu nisingefika hapa. Jirani yetu seremala humwogesha, muuguzi wa mtaani huja Omari akikosa utulivu, na muuza kahawa wa sasa humwekea vikombe vyake.

Basi ukijaliwa mtu kama Omari nyumbani, usimfungie, wala usijifungie naye. Mtoe barazani watu wamzoee. Wajue hapendi kushikwa kwa nyuma, na chai yake huinywa imepoa. Na omba msaada kabla hujaanguka, mimi nilichelewa.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu na majirani wenye moyo. Na siku mtakayonizika, ikishaswaliwa alasiri, mtu ashuke na Omari barazani. Asikose vikombe vyake siku hiyo.