Mashine ya Kijiji na Mama Mkwe

Mwaka 1975 Antipasi alikuwa mtunza mashine ya boti ya kijiji cha ujamaa, kando ya ziwa Kitangiri, na pale kijijini hakuna aliyeishi kwa woga kama yeye. Mwenzake aliyeunguza mashine ya kusaga alichukuliwa na polisi kwa jina la mhujumu, na mke wa mwenzake huyo alikuwa bado anakwenda wilayani Kiomboi kuulizia habari zake.

Mashine ya boti ilikuwa kuukuu, haina taa wala kengele ya kuonya. Dalili ya uzima wake ilikuwa moja tu: maji ya kupoozea, yaliyoruka membamba kutoka kitundu cha ubavuni. Kila baada ya muda Antipasi aliyagusa. Yakiwa vuguvugu, salama. Yakikatika, zima hapo hapo, la sivyo chuma kitang'ang'aniana na chuma.

Siku hiyo abiria alikuwa mmoja, Mama Damari, mama mkwe wake. Mbele palijaa magunia ya mahindi, kwa hiyo akakaa nyuma, kando ya mashine, amempa mkwewe mgongo, kanga yake imefunika kitundu chote. Mama mkwe hatazamwi usoni, wala hasemeshwi bila mtu wa kati. Sasa Antipasi apitishe mkono wapi?

Walipopita matete, mlio ukawa mzito. Jasho likamtoka. Akajidanganya kwamba ni upepo, mpaka akasikia harufu ya rangi inayoungua. Ndipo akaliambia gunia lililokuwa karibu:

"Gunia, mwombe mama asogee kidogo, nitazame maji."

Mama Damari naye akalijibu gunia. "Mwambie maji yalikatika kule kwenye matete. Mkono wangu ulikuwa hapa, nikasikia. Nilikosa wa kumtuma."

Antipasi akazima. Akasubiri, kisha akavuta kamba ya kuwashia. Haikusogea. Akavuta tena kwa mikono miwili, huku analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

Mama Damari akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake Marietha.

"Mwanangu, nyamaza. Polisi wakija, sema ni mimi niliyekaa juu ya kitundu. Marietha ana watoto wanne. Mimi wangu wamekwisha kukua."

Antipasi akaachia kamba. Hakujua atazame wapi, basi akamtazama.