Msahihishaji wa Nyota

Dada yangu ana miaka sabini na mbili, na kila siku saa mbili asubuhi anakwenda angani. Anakwenda amevaa viatu. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote nilipohamia kwake baada ya kufiwa na mke wangu: mtu mzima anaoga, anachana nywele, anavaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kufunga kamba, halafu anatembea hatua tisa kutoka chumbani hadi sebuleni, anaketi mbele ya kompyuta na kuendesha chombo cha anga ambacho hakipo. Saa saba anazima, anavua viatu, anapasha chakula. Ukimuuliza alikuwa wapi, atakwambia alikuwa kazini.

Kompyuta aliiacha binti yake alipohamia mbali kikazi. Alimwekea mama yake michezo kadhaa ili asizeeke kwa upweke. Ule wa karata dada aliuvumilia siku mbili, ule wa kupanga matofali siku moja. Huu wa anga ukamnasa, tena si kwa sababu ambazo zingemnasa mtu mwenye akili timamu. Kuna vita humo, kuna biashara, kuna wachezaji wa dunia nzima wanaopiga picha mawingu ya rangi na kuoneshana. Dada hana habari nao.

"Washamba," anasema. "Wanapiga picha ukuta uliopakwa rangi."

Kilichomnasa ni orodha. Nyota za mchezo ule hazihesabiki, na karibu zote zimebuniwa na mashine. Ila katikati yake zimechanganywa nyota za kweli, zilizochukuliwa kwenye orodha za wataalamu wa nyota na kuachiwa namba zao zile zile. Binti akamtumia orodha hizo. Dada akazipeleka duka la kuchapisha la mtaa wa pili, zikarudi kurasa mia nne na ushei, akazifunga kwa uzi wa kushonea magunia. Tangu hapo akawa anazitafuta nyota za kweli moja moja, akianza na zenye vituko, na kila aliyoipata anaiwekea alama ya penseli. Za kubuni anazipita bila hata kuzitazama. Anasema hazina wazazi.

Siku moja alinikalisha nishuhudie. Alikuwa anaiendea nyota ambayo kweli iko huko juu na kweli ina vituko: mwanga wake hufifia bila mpango, mara kidogo, mara sana, na wataalamu wamebishana juu yake miaka mingi. Alikuwa amesafiri asubuhi nne mfululizo. Tukafika. Ulikuwa mpira. Mpira mweupe unaowaka, haufifii, haukonyezi. Nikamuuliza vituko viko wapi, akasema havimo humu. Juma lililofuata akaifikia ile inayoburuta mkia nyuma yake, na mkia hawakuuweka. Kuna nyingine inayojizungusha kwa kasi hadi imebonyea juu na chini. Nayo ilikuwa duara safi, kama mpira wa kuchezea watoto.

"Sasa dada, unafuata nini huko?" nikamuuliza. "Umekwenda kote huko kuona mpira."

"Mdogo wangu, mimi sikuja kuitazama. Nimekuja kuhakikisha kama ipo kwenye anwani yake."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliwasimulia majirani, nao wakamwita Bi Anga, na mimi ndimi niliyelisambaza jina hilo kuliko wote. Kinyozi wa mtaani akiniona ananiuliza kama dada amesharudi au bado yuko njiani. Namjibu kuwa amekwama kwenye foleni ya nyota. Nilikuwa hodari sana wa maneno hayo, hasa kwa mtu ninayelala kwake na kula kwake.

Ili umwelewe, ujue kwanza alikuwa nani. Kwa miaka kumi na tisa dada yangu alikuwa msahihishaji wa kitabu cha simu. Siku hizo kila mji ulikuwa na kitabu kinene chenye majina na namba za watu wote wenye simu, na kabla hakijachapwa ilibidi mtu azisome namba zote, moja baada ya nyingine, akizilinganisha na daftari la posta. Mtu huyo alikuwa yeye. Ilisemekana anaweza kupitisha kidole juu ya ukurasa akiwa anaongea mambo mengine, na kidole kikasimama chenyewe penye kosa. Tabia hiyo aliitoa kazini akaileta nyumbani. Kadi za mialiko ya harusi huzirudisha kwa wenyewe zikiwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Baba wa binti yake alipoondoka, watu walikuja kumpa pole, akawaambia mtu yule alikuwa na mwandiko mbaya tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda kilichochapa kitabu hicho. Na hapa niseme jambo ambalo dada hakulijua.

Mwaka wake wa mwisho, ukurasa wa kwanza wa kitabu, ule wa namba za dharura, ulipita mikononi mwake. Akausoma, akatia sahihi. Ulikuwa sawa kabisa. Nikaubeba, herufi za madini ya risasi zilizopangwa kwenye trei, kuupeleka mashineni, nikaupiga kwenye fremu ya mlango, mstari mmoja ukamwagika sakafuni. Utaratibu kila mtu aliujua: mstari ukimwagika unaupanga upya, unapiga prufu nyingine, yaani karatasi ya majaribio, unairudisha kwa msahihishaji. Lakini ilikuwa saa kumi na nusu, na nilikuwa na miadi na msichana ambaye baadaye alikuja kuwa mke wangu. Nikaokota herufi zangu za risasi, nikazipanga kwa kichwa, nikaondoka. Namba ya zimamoto ilikuwa inaishia na sita, moja. Mimi niliweka moja, sita.

Moja, sita ilikuwa nyumba ya fundi cherehani. Karakana ya seremala iliposhika moto, watu walimpigia fundi cherehani. Hakufa mtu, ila karakana iliteketea yote. Prufu zenye sahihi zilikuwa zimeshatupwa, kama ilivyokuwa kawaida, kwa hiyo likabaki swali moja tu: aliyesahihisha ni nani? Dada akaitwa. Akaulizwa kama aliiona namba ile. Akasema aliiona, na akaiona iko sawa, basi ni jicho lake lililomdanganya. Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini, mlango uko wazi. Nikarudi kwenye meza yangu ya herufi. Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kuacha kazi, na barua haikuwa na kosa hata moja.

Hiyo ni miaka thelathini na minne iliyopita. Aliuza madaftari katika duka la vifaa vya shule hadi alipostaafu, na hakukubali tena kumsomea mtu namba. Mchezo ule wa kipuuzi ndio uliomrudisha. Nami nilimdharau miaka yote hiyo, kwa viatu vyake, kwa wino wake mwekundu, kwa nyota zake, maana ukiacha kumdharau mtu uliyemfanyia vile itabidi umtazame usoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi ndimi niliyekuwa nguoni mwake.

Sasa, asubuhi moja nikiwa nakunywa chai, dada akaniita sebuleni. Alikuwa amenyooka kitini kama mtu aliyesikia hatua nje.

"Nyota hii orodha inasema iko umbali wa miaka ya nuru mia tatu sabini na nane," alisema. "Humu wameiweka mia tatu themanini na saba. Kuna mtu kageuza tarakimu mbili za mwisho."

Nikapiga funda la chai.

"Mtu mwenye haraka," akaendelea. "Huyo alikuwa na pa kwenda."

Chai ikanipalia. Nikakohoa hadi machozi, naye akanipiga mgongoni huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

Aliwaandikia watengenezaji wa mchezo. Aliisoma barua yake mara tatu kabla ya kuituma, halafu akaanza kungoja, na katika kungoja huko akawa mtu mwingine. Alinunua penseli mpya. Alikuwa akiimba akiosha vyombo, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu tukiwa watoto. Jioni moja mezani akaniambia bila kuniangalia, "Wakikubali, nitajua labda jicho langu halikuwa baya kiasi kile." Nikajitia hamnazo, nikaomba chumvi.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Walimshukuru kwa kuupenda mchezo wao. Wakasema wamehakiki na hawakuona kosa lolote, wakamshauri aisome tena orodha yake kwa makini. Maneno matamu kama ya mtu anayemvusha kikongwe barabara. Dada aliyasoma mara moja tu.

"Basi," akasema.

Akazima kompyuta ikiwa saa tatu tu. Akavua viatu. Orodha yake yenye kurasa mia nne aliipeleka jikoni, akaiweka chini ya masufuria.

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nyumba ilitulia. Nikahamishia redio sebuleni, nikaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nilijiambia kuwa sasa amepona. Lakini siku ya nne ikaja kadi ya mwaliko wa harusi, na jina lake mwenyewe lilikuwa limekosewa juu ya bahasha, herufi nzima imerukwa. Akaisoma, akaiweka juu ya kabati. Nikasubiri aende kuchukua wino mwekundu. Akaenda kulala, mchana ule. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikaenda jikoni, nikaichomoa orodha, nikachukua lenzi yake ya kukuzia maandishi na kuitafuta ile nyota. Mia tatu sabini na nane. Nikaisoma mara nne, mpaka kwa kidole. Dada alikuwa sawa, na wale watu wa maneno matamu hawakuhakiki chochote.

Kesho yake mchana nilimkuta mezani akimenya vitunguu.

"Dada, uko sawa. Ni mia tatu sabini na nane. Nimeisoma mara nne."

"Na ile ya zimamoto niliisoma mara nne," akasema bila kuinua kichwa. "Jicho bovu linaona linachotaka. Na wewe ni ndugu yangu, pengine ugonjwa ni mmoja."

"Ile hukukosea wewe."

"Usinibembeleze. Sahihi ilikuwa yangu."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoezi ya miaka thelathini na minne. Nikamwambia. Nikamwambia fremu ya mlango, mstari uliomwagika, risasi sakafuni, saa kumi na nusu. Msichana nilimruka, kisha nikaona hata hapo nadanganya, nikarudi nikamtaja.

Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kitunguu.

"Prufu niliyotia sahihi ilikuwa inasomekaje?"

"Mbili, sifuri, nne, sita, moja."

"Rudia."

Nikarudia.

"Kwa hiyo niliona vizuri."

"Uliona vizuri, dada."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa kufukuzwa. Kila kimoja nilikuwa nimekitungia jibu miaka mingi iliyopita. Hakuna kilichokuja. Alinitazama kwa muda, jinsi anavyoitazama risiti ya mtu asiyejua kuandika.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nadhani wewe ni mvivu tu."

Akanawa mikono. Akaenda chumbani, na nikasikia akifunga kamba za viatu, ingawa ilikuwa saa nane mchana. Akaichukua orodha, akaketi na kuanza kuwaandikia tena wale watengenezaji, kwanza kwa mkono, kwenye karatasi, kama alivyozoea. Barua hiyo aliiandika kwa saa nzima. Mimi nilibaki na vitunguu.

Kisha akaniita. Hakusema mdogo wangu. Alisema, "Wewe."

Akanipa karatasi nisome kwa sauti. Aliwaeleza nyota iko wapi na ingepaswa kuwa wapi, ukurasa gani wa orodha, mstari wa ngapi. Mwishoni aliandika: "Nimesahihisha namba kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo sikupitisha kosa hata moja." Hapo nikaacha kusoma. Akangoja nimalize. Nikaanza tena sentensi ile, nikaimaliza.

"Kuna kosa?" akauliza.

"Hakuna."

Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akachonga penseli, akaanza kuisoma mwenyewe tangu mstari wa kwanza.