Mlia-mee

Hadi mvi zinamjaa kichwani, Kalipa hakumwita kondoo kwa jina lake. Alimwita mlia-mee, kama alivyosikia kwa bibi yake aliyemlea malishoni, milima ya Naryn. Baba mkwe wa bibi huyo aliitwa Koychu, jina ambalo kwa lugha yao lina neno kondoo ndani yake, na mke aliyeolewa hatamki jina la mkwe, hata marehemu. Bibi alikwepa, mtoto akafuata.

Alipofika umri wa shule alipelekwa mjini, mbele ya tume ya kupima akili za watoto. Daktari akamwonyesha picha.

"Huyu nani?"

"Mlia-mee."

"Jina lake, binti."

Kalipa akaziba mdomo kwa kiganja. Wakubwa wakaangua kicheko: "Mtoto wa wachungaji hajui kondoo!"

Akapelekwa shule ya wazito wa akili. Alitoka huko anajua kushona magodoro na kuitika akiitwa Bwege. Jina hilo likamtangulia kijijini. Posa hazikuja, kwenye harusi za wenzake alikula jikoni.

Zuura, binti wa mdogo wake, alikuwa akishona nguo kiwandani Bishkek, naye alimwachia Kalipa mwanawe Begayim. Mtoto alichelewa kusema, mwalimu akaagiza apelekwe kwenye tume. Zuura alirudi nyumbani, akawakuta wawili hao kando ya jiko.

Kalipa aligeukia ukuta kwanza, kama anayemwomba radhi mtu, kisha akasema, "Kondoo. Haya, sema."

"Mlia-mee!"

"Usinicheke, we kichwa boga. Sema nikupe kipande cha kurut, jibini kavu uipendayo."

"Kondoo! Kondoo, kondoo!"

Zuura alisimama mlangoni na koti lake. Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa mama yake mkubwa.

Mbele ya tume Begayim alitaja kondoo, farasi, mbwa mwitu. Daktari akatabasamu.

"Nani anamlea?"

"Mama yangu mkubwa, Kalipa."

Mwalimu wa kijijini akamwinamia daktari sikioni. "Yule Bwege, daktari. Alisoma kule kule shule ya wazito."

Tabasamu likafutika. "Basi ni wa damu hiyo. Aende akazoee wenzake mapema."

Zuura alibisha, akalia, akatolewa nje. Gari la shule hiyo lilimchukua mtoto kabla theluji haijafunga njia.

Majira hayo ya baridi Kalipa hakuinuka tena kitandani. Zuura alikuwa akimnywesha chai kwa kijiko, naye akakisukuma pembeni.

"Zuura, mwanangu. Alisema kondoo?"

"Alisema, mama mkubwa. Vizuri kabisa."

"Sasa walitaka aseme nini?"