Stika Moja Mlangoni

Mume wangu Delbert Skaggs alifanya kazi chini ya ardhi tangu akiwa kijana hadi alipostaafu. Alichimba risasi, madini yale mazito ya betri. Huku kwetu kusini mwa Missouri wanaume wa rika lake karibu wote walishuka kwa lifti ile ile ya mgodi, na wengi wao sasa wako makaburini Mount Zion. Watu wakiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nawaambia alikuwa mtu aliyeinamisha kichwa akipita mlangoni, hata mlango ukiwa mrefu kumpita yeye. Mgodini walizoea hivyo. Kanisani aliinama, dukani aliinama.

Alipostaafu alitaka jambo moja tu. Alitaka tuuze nyumba, tununue gari-nyumba, tuishi humo moja kwa moja tukizunguka nchi. Hasa alitaka kufika magharibi, jangwani, kwa sababu alisikia kule mtu ukisimama hakuna kitu juu ya kichwa chako mpaka kwa Mungu.

Nikamwambia, "Hata hapa uani hakuna kitu juu ya kichwa chako."

"Kuna mwaloni," akasema.

Nikatazama juu. Kweli, kulikuwa na mwaloni.

Sikukubali upesi. Nyumba ile niliipaka rangi kwa mikono yangu, na jiko lile nililijua gizani. Lakini kifua chake kilikuwa kimeanza kufunga. Daktari alisema ana muda, ila hakusema kiasi gani, na Delbert hakuuliza. Mimi nikaona kama mtu amekaa gizani maisha yake yote ili watoto wapate kula, basi akitaka anga mpe anga. Nikamwambia tuuze.

Burl Nations, rafiki yake wa mgodini, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, huyu unamfuata wapi? Huyu mtu alipotea kwenye maegesho ya hospitali!"

"Hatashika usukani," nikamwambia. "Nitaendesha mimi."

"Ah! Hapo sawa. Basi mtafika."

Mimi niliendesha basi la shule miaka mingi, kwenye barafu na matope, na sikuwahi kumwangusha mtoto wa mtu. Kusoma ndiko kulikonishinda. Shule niliiacha mapema nikalee wadogo zangu, na mtihani wa leseni nilifaulu mara ya tatu. Kwa hiyo tukagawana. Mimi usukani, Delbert ramani. Alikuwa akikaa mezani na ramani yake, miwani puani, anapitisha kidole kutoka kwetu hadi Oklahoma, kisha Texas, kisha New Mexico, ananisomea majina ya miji kama mtu anayesoma Zaburi.

Gari tulilipata kwa mjane mmoja wa mji wa jirani. Lilikuwa refu, rangi ya kahawa yenye maziwa, na ukuta wake mmoja ulisukumwa nje kwa kitufe, sebule ikapanuka. Delbert alikaa chini ya gari lile zaidi kuliko ndani yake, akikaza hiki na kile. Burl akawa anapiga teke soli ya kiatu chake: "Toka bwana, ulishastaafu kukaa chini!"

Watu wa maisha hayo huwa na ramani ya nchi ambayo wanaibandika mlangoni mwa gari, majimbo yote matupu, na kila jimbo lina stika yake yenye rangi. Ukifika unabandika. Delbert aliinunua ramani kabla hata hatujanunua shuka za kitanda cha humo, na akaweka sheria yake. Kupita tu hakutoshi. Kula chakula cha mchana hakutoshi. Jimbo ni lazima tulilale, wote wawili, usingizi wa kweli mpaka asubuhi.

"Na kama mimi nimelala wewe hujalala?" nikamuuliza.

"Haihesabiki."

"Na kama umelala ukaamka kwenda chooni?"

"Oleta, usinivurugie sheria."

Tena kuna desturi kwamba kabla ya kuondoka mnalala kwanza garini hapo hapo uani, mjue vikombe vinaangukia wapi na maji machafu yanajaa lini. Tukafanya hivyo. Asubuhi ya kwanza nikachukua stika ya Missouri nikambandikie. Akanizuia mkono.

"Nimekohoa usiku kucha," akasema. "Haihesabiki."

Ya pili pia hivyo. Siku zikaenda, kila asubuhi namkuta ameketi kwenye kiti cha mbele, blanketi begani, macho mekundu, ananitikisia kichwa kabla sijauliza. Mimi nikisema, "Bandika tu, nani atajua?" ananitazama kama nimemwambia aibe sadaka.

Nyumba ikapata wanunuzi, mume na mke vijana, watu wazuri. Tukafanya mnada wa vitu uani. Mtu hajajua amebeba nini duniani mpaka aone majirani wanakinyanyua na kukigeuza chini juu. Nilisimama wima siku nzima, nikawahudumia kahawa, sikutoa chozi mbele ya mtu. Burl ndiye aliyechukua kitanda chetu, kile cha mwaloni alichokitengeneza Delbert tulipooana.

"Kitanda hiki kina siri nyingi, shemeji," akasema akikipakia kwenye pikapu. "Nitakihoji."

"Hakitakwambia kitu. Kina adabu kuliko wewe."

Asubuhi moja baada ya hapo, nyumba tayari ya wengine na sisi tumebakiza siku chache za kuegesha uani kwa hisani yao, nikaamka jua liko juu. Hakuna kikohozi. Nikaogopa kugeuka. Nilipogeuka nikamkuta amelala mdomo wazi, anakoroma kama mashine ya kukatia mbao. Sikumwamsha. Nilipika mikate na mchuzi mweupe wa soseji taratibu, nikazuia sahani zisilie. Alipofungua macho akatazama dirisha, akanitazama mimi.

"Nimelala?"

"Umelala, mzee."

Akatoka na nguo zake za kulalia, uani, mbele ya watu wanaokwenda kazini, akaibandika Missouri mlangoni kwa kidole gumba, akaisugua pembe zote zisibanduke. Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama. Sikumbuki kumwona mwanamume yule amefurahi vile, hata siku ya kuzaliwa kwa Twyla, binti yetu.

Tulipanga kuondoka Jumatatu. Jumamosi akaanguka akiwa anafunga bomba la maji.

Hospitalini walisema mapafu yamekwisha, wakasema tumpeleke nyumbani, wauguzi watakuja huko huko kumtuliza mpaka mwisho. Mimi nikasema sawa, nyumbani kwetu ni garini. Wakaleta kitanda chao cha chuma. Mlango wa gari lile ni mwembamba, na kuna ngazi, na ukishaingia unakata kona. Wanaume wawili walikigeuza kitanda kila namna, kwa ubavu, kwa kichwa, wakatoa na magurudumu. Hakikuingia. Mmoja akanigeukia kwa upole:

"Mama, hamna nyumba nyingine?"

Nyumba nyingine ilikuwa pale pale, hatua chache, taa za wenyewe zinawaka, mapazia ya wenyewe. Nikasema, "Hatuna."

Tukampeleka kwa Twyla, anayekaa nje ya mji kwenye shamba tambarare. Nikaliendesha gari mwenyewe nikaliegesha mbele ya dirisha la sebule. Kabla hao wa hospitali hawajafika na chuma chao, nikaona pikapu ya Burl inaingia, kitanda chetu nyuma kimefungwa kamba.

"Chukueni," akasema bila kunitazama. "Kinaniumiza mgongo."

"Muongo wewe," nikamwambia.

"Ndiyo, shemeji. Shika upande ule."

Delbert akalala kwenye kitanda chake, oksijeni puani. Hakulalamikia maumivu. Alilalamikia dari. Alikuwa anaitazama kama anayesikiliza mwamba ukipasuka. Siku ya tatu akaniambia kwa sauti ndogo, "Oleta, iko chini sana."

Nikamwita Burl na mume wa Twyla. Mchana kweupe wakakibeba kitanda chote na yeye juu yake, mimi na mtungi wa hewa nyuma, Twyla analia na blanketi mkononi, tukavuka ukumbi wa mbele mpaka katikati ya shamba la nyasi. Pale hakuna mti. Baridi ya vuli, anga safi, hata wingu hakuna. Delbert akatazama juu muda mrefu. Mikono yake ikalegea.

Burl akasema, "Haya mzee, umefika jangwani."

Delbert akatabasamu kidogo. "Hii haihesabiki," akasema. "Bado ni Missouri."

Kesho yake mvua ilinyesha, hatukuweza kumtoa. Alikufa alasiri, ndani, chini ya dari ile. Ningeweza kuandika kwamba alikufa nje, lakini hakufa nje.

Baada ya mazishi watu walijaa kwa Twyla na vyakula vyao vya kuoka, maharage, nyama ya paja, pai. Nikamkuta Twyla nje mlangoni mwa gari na bahasha ya stika.

"Mama, tumbandikie zote. Baba angependa. Nchi nzima."

"Weka chini."

"Mama, ni stika tu."

"Baba yako alikaa macho asubuhi ngapi kwenye kiti kile asidanganye jimbo moja? Leo wewe umdanganyie yote? Weka chini, Twyla."

Akaweka. Akanikumbatia, nami nikamwacha, ingawa sipendi kukumbatiwa mbele ya watu.

Walidhani nitaliuza gari nihamie chumba cha nyuma. Twyla alikuwa ameshatandika. Burl akaja na maneno yake: "Shemeji, msomaji wa ramani hayupo. Utafika Kanada."

"Jua linazama upande gani?"

"Magharibi."

"Basi. Sihitaji kusoma."

Nikaondoka. Nilifika Oklahoma siku hiyo hiyo kabla ya giza, nikaegesha kwenye kambi ya wenye magari kama letu. Asubuhi jirani akaniamkia, mama mmoja na kikombe chake. "Mmelala vizuri?"

"Tumelala," nikasema. Ulimi ulitangulia.

Niliingia ndani nikatoa stika ya Oklahoma. Niliishika mpaka kahawa ikapoa. Mimi nilikuwa nimelala kwa kuchoka, usingizi wa kweli, mpaka asubuhi. Lakini sheria ilikuwa wote wawili. Nikairudisha kwenye bahasha.

Kwenye lango la kambi kuna njia panda. Nikasimama, taa ya kukata kona haijawaka upande wowote. Nilikuwa nangoja. Gari la nyuma lilipiga honi ndipo nikaelewa ninangoja nini. Ninangoja aniambie kushoto au kulia.

Nikatazama jua liko wapi, nikaligeuzia mgongo.

Haya nayaandika polepole, neno kwa neno, nikiwa New Mexico. Hakuna mti hapa, hakuna kilima, hakuna waya. Delbert hakukosea, anga ni kubwa kweli. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe kimoja, na nyuma yangu ramani ina Missouri peke yake, pembe zote zimesuguliwa zisibanduke.