Likizo ya Mwaka Tuliohama Pito

Kosa langu la kwanza katika kazi ya baiskeli lilikuwa kurudisha madigadi, yale mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu. Mzee niliyefanya naye kazi alikuwa ameyafungua yote kabla ya mvua na kuyatundika ukutani, na mimi, niliyekuwa mgeni pale, nikadhani ni uvivu wa kizee. Baiskeli isiyo na madigadi niliiona kama mtu aliyetoka nje bila shati. Jumapili moja alipokwenda kanisani nikayafunga tena, nikayang'arisha kwa majivu, nikayasogeza karibu kabisa na matairi ili yakae sawasawa. Siku mbili baadaye nikampakia mwanafunzi aliyekuwa anarudi kwao kwa likizo. Udongo wetu ukinyeshewa hunata kama ugali wa ulezi. Ulijaa kati ya tairi na bati mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Nilimaliza safari nimebeba baiskeli begani, naye kabeba sanduku lake kichwani, akiniuliza kwa kicheko nani kati yetu atamlipa mwenzake.

Sikulala vizuri kwa muda mrefu kwa sababu ya jambo lile. Ndivyo nilivyo. Kitu kidogo kikiharibika mikononi mwangu, nakirudia kichwani hadi kinakuwa kikubwa kuliko mimi. Sikufundishwa ufundi na mtu. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikaanza kufungua baiskeli za watu na kuogopa kuzifunga. Pengine mtu aliyefundishwa hujua kazi inapoishia. Mimi sijui, kwa hiyo huwa sikomi.

Kibanda chetu kilikuwa karibu na stendi ya mabasi, Sumbawanga mjini. Tulikodisha baiskeli, tukatengeneza za watu, na tukabeba abiria na mizigo. Kufuatana na siasa ya wakati ule tulijiandikisha kuwa kikundi cha ushirika, ingawa kikundi chenyewe kilikuwa mzee na mimi. Yeye alikuwa mwenyekiti, mimi nilikuwa wanachama. Alikuwa mtu wa Mbeya, mwembamba, mwenye magoti mabovu na mdomo usiopumzika.

Msimu wetu ulikuwa Desemba, shule zilipofungwa. Wanafunzi wa bweni walishuka kwenye mabasi kutoka Mbeya na Tunduma wakiwa na masanduku ya bati na magodoro yaliyoviringishwa, na wengi kwao kulikuwa mbali na barabara. Maandalizi tulianza mapema. Tairi na tyubu hazikupatikana madukani, kwa hiyo tuliweka kiraka juu ya kiraka. Tyubu zilizokufa kabisa tulizikata vipande virefu vya kufungia mizigo. Kariaa, vile vibebeo vya nyuma, tulizipeleka kwa mhunzi azitie vyuma vya kuzishikilia, maana sanduku la mwanafunzi lina vitabu ndani, na vitabu vina uzito usioonekana kwa nje. Nilifungua kila ekseli, nikaosha gololi kwa mafuta ya taa, nikazipanga juu ya gunia na kuzipaka grisi moja moja. Mzee alipita akatazama.

"Hiyo baiskeli unaitengeneza au unaiposa?"

Kila Desemba niliyaandaa haya yote kwa ajili ya wateja, na ndivyo nilivyomwambia mzee. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwandalia mtu mmoja. Mdogo wangu wa kike alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya wasichana, mbali, safari ya mabasi mawili, na nauli ilitosha kumleta Desemba tu. Nilimkumbuka mwaka mzima. Alikuwa na tabia ya kunisomea vitabu vyake jioni, mimi nikikoroga uji, na akiona sielewi hukasirika kama mwalimu. Akiondoka Januari, nyumba ilinyamaza hata kama mama na mimi tulikuwa tunazungumza. Kwa hiyo kariaa imara kuliko zote ilikuwa ya sanduku lake.

Mwaka ninaousimulia ndio mwaka tuliohama. Tulikuwa tunakaa nje ya Pito, bondeni, nyumba yetu peke yake na shamba lake. Ikaja amri ya watu kukaa pamoja katika vijiji, na sisi tukapangiwa kiwanja upande wa Mollo. Wengine walihama kwa nyimbo, wengine kwa kununa. Mama alihama kimya. Tuling'oa milango, tukashusha miti ya paa, tukabeba mtungi, jiwe la kusagia na kuku. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na kaburi lake halikubebeka. Mdogo wangu alikuwa shuleni. Alipoondoka aliiacha nyumba ikifuka moshi, na hakujua kwamba haipo.

Nilitaka kumwandikia. Mama alikataa.

"Usimwandikie. Atalia mbele ya watu wasiomjua. Utamwambia wewe, akishuka."

Nikaupokea mzigo huo kama ninavyopokea kila kitu, yaani kwa hofu. Nilianza kuyatafuta maneno wakati natengeneza baiskeli. Nilitaka yasiwe ya kutisha, wala ya kumdanganya. Nikikaza nati nasema moyoni: mdogo wangu, kuna habari. Hapana, neno habari linashtua. Mdogo wangu, siku hizi tuna majirani wengi. Hapana, huo ni utani. Niliyakunja na kuyakunjua hadi hayakuwa na maana tena, kama waya unaopindwa mara nyingi.

Kulikuwa na tatizo jingine. Yeye hakuwa mtu wa kusubiri. Kama angeshuka basini asinikute, angemkodi mtu yeyote au angejitwika sanduku na kuelekea Pito, na huko angekuta kuta zisizo na paa, peke yake. Lakini wiki ile ndiyo kazi ilipokuwa imechanganya. Basi likiingia, wanafunzi walitufuata hadi mlangoni, na kila safari niliyopewa ilinitoa stendi kwa nusu siku. Nikaanza ujanja. Kila mteja alipokuja, nilikuwa na baiskeli iliyopinduliwa, gurudumu juu, spoki mkononi, nikisema bado kidogo. Mzee alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akaja kusimama mbele yangu.

"Hilo gurudumu unalinyoosha tangu asubuhi. Linanyooka kwenda wapi?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atanikaripia, kwa sababu wateja walikuwa wameanza kwenda kwa wapinzani wetu wa upande wa soko. Akashika magoti yake, akayasugua, akasema atabeba mizigo yeye. Nikamkumbusha kwamba hawezi kupanda mlima.

"Nitasukuma. Wewe kaa. Lakini ukikaa, kaa kama mtu, uiache hiyo spoki."

Akaondoka na godoro la kijana wa Izia kwenye kariaa, akimtania kwamba likilowa atalala na mbuzi. Nilimtazama anavyochechemea, nikajisikia vibaya, na bado sikuinuka.

Basi lake liliingia siku iliyofuata, mchana, limepakwa tope hadi madirishani. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amerefuka, na alikuwa amejifunza kusimama kwa namna nyingine, mikono nyuma, kama msimamizi wa bweni. Kisha akaniona, akakimbia, akawa yule yule. Alimwamkia mzee shikamoo, mzee akaitika marahaba na kumwambia kwamba kaka yake amemaliza spoki za mkoa mzima kwa kumsubiri. Nilifunga sanduku, nikavuta mipira mpaka ikalia. Barabara ilikuwa mbaya, tukaamua kuisukuma baiskeli na kutembea.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Alinisimulia chakula cha shule, msichana wa Songea anayezungumza usingizini, somo la kemia, na mimi nikawa nasubiri apumue. Alipopumua nikasema matope ya mwaka huu ni mabaya. Aliponyamaza nikamwuliza kama amechoka. Tulifika njia panda, upande mmoja Pito, upande mwingine Mollo, naye bila kusita akageukia Pito. Nilifungua mdomo. Halafu nikageuza usukani nikamfuata. Mpaka leo sijui kama ni woga au kama na mimi nilitaka twende.

Palikuwa na kona juu ya bonde ambapo zamani nikimleta kutoka stendi nilipiga kengele, ili mama aweke maji jikoni. Tulipoifikia sikupiga. Niliutazama mkono wangu kana kwamba si wangu. Mdogo wangu akanyoosha wake, akaipiga kengele mara nyingi, kwa fujo kidogo. Tukasimama. Bonde lilikaa kimya na mvua ikaanza kunyunyiza.

"Najua, kaka," akasema. "Wameniambia tangu Tunduma. Basi zima tulikuwa tunaulizana nani kahamia wapi."

Nikamwuliza kwa nini basi amenileta huku.

"Wewe ndiye hukusema tugeuke."

Hatukucheka, ila alikuwa karibu kucheka. Tuliteremka. Kuta zilikuwa zimesimama, za jikoni zikiwa na masizi yale yale. Katikati, palipokuwa na mafiga, mahindi yalikuwa yameota, machache, ya kijani kabisa, kutokana na punje zilizomwagika tukihama. Alichuchumaa akayatazama. Akasema mama angeona shamba jikoni mwake angetupiga sisi. Kisha akaenda kwenye kaburi la baba, akapiga makofi polepole kama tunavyowaamkia wakubwa, na akakaa hapo kidogo. Mimi nilishika baiskeli. Nilitaka kusema yale maneno niliyoyaandaa mwezi mzima, lakini hapakuwa na pa kuyaweka.

Tulifika Mollo jua limezama. Mama alitupokea mlangoni pa nyumba mpya iliyonukia udongo mbichi, akamkumbatia, akamzungusha amwone mgongo, akauliza mbona tumechelewa wakati basi lilifika mchana. Mdogo wangu akajibu kwamba ni matope. Mama akaangalia miguu yetu. Barabara ya kuja kijijini ni ya udongo mwekundu. Sisi tulikuwa tumepakaa udongo mweusi wa bondeni hadi kwenye magoti.

Hakutugombeza. Alileta maji ya moto, akaweka beseni chini, akaanza kumwosha miguu mdogo wangu kana kwamba bado ni mtoto, na yeye, mkubwa kiasi kile, akakubali. Baada ya muda mama akauliza, bila kuinua uso.

"Ukuta wa jiko umesimama?"

"Umesimama, mama," mdogo wangu akajibu.

"Wote?"

"Wote."

Mama akaendelea kuosha, hata pale ambapo hapakuwa na tope tena.

Tangu wakati ule zimepita likizo kadhaa. Mzee amerudi kwao Mbeya kwa sababu ya magoti, na mwenyekiti wa kikundi sasa ni mimi. Mdogo wangu amemaliza shule na anafundisha wilaya nyingine, anakuja mara moja kwa mwaka, na safari ya kutoka stendi anapanda gari la kijiji likiwapo. Kuta za Pito zimeanguka kwa mvua, za jikoni zikiwa za mwisho, na pale pote sasa kuna shamba la mtu. Mama ameacha kuuliza habari za kuta zile.