Jino Nililotaka Livumilie Mpaka Idi

Ipo siku moja ya Ramadhani ninayoikumbuka, mwanangu, pamoja na harufu yake: kitambaa kipya, mafuta ya cherehani na sambusa za jirani. Nilikuwa kijana, fundi wa kanzu hapa mtaani Buyenzi, na Idi ikikaribia fundi hana muda hata wa kujikuna.

Jino langu la nyuma, chini kushoto, lilikuwa limetoboka kitambo. Likiuma naliwekea karafuu, linatulia, nalisahau. Safari hii karafuu ilishindwa. Nikajiambia litavumilia mpaka Idi. Niliamini sababu yangu ni ya dini: kung'oa jino ni damu, damu ikimezwa saumu imeharibika, nami sikutaka kuonekana mtaani nikinywa maji mchana. Basi nilimeza vidonge wakati wa daku na kuendelea kushona.

Asubuhi hiyo uvimbe ulikuwa umeshuka hadi chini ya taya. Mdomo ulifunguka kidogo tu, na kumeza mate kulikuwa kazi. Bi Zaina, mwenye nyumba niliyopanga, alisimama mlangoni akanitazama.

"We Hamisi, umeficha andazi mudomoni?"

"Apana, Bibi. Ni jino tu. Itapona kisha ya Idi."

Akaja, akaweka mgongo wa mkono shavuni kwangu. Kicheko kikamwisha.

"Mutoto, unawaka moto. Nani alikuambia Mungu anataka ufe na funga yako? Mugonjwa ana ruhusa. Siku utazilipa. Shingo utailipa na nini?"

"Na kanzu za watu?"

"Watavaa za mwaka jana. Vaa viatu."

Tulikwenda kwenye kliniki ya meno upande wa Kinindo. Daktari, mama mmoja mpole, aliligonga jino taratibu, akalipiga picha, akanionyesha. Alisema kama ningekuja lilipoanza kushtuka kwa maji baridi na sukari, angelisafisha na kuliziba. Sasa lilikuwa limekufa ndani, mzizi una usaha, na kilichobaki juu hakingeweza kushika dawa ya kuziba. Uvimbe wa namna ile, alisema, ukishuka shingoni unaweza kubana njia ya pumzi. Hapo nilimsikia Bi Zaina nyuma yangu akivuta tasbihi.

Jirani na jino lile kulikuwa na lingine lenye doa jeusi. Mimi niliyekuwa naogopa kung'oa moja, sasa nikapata ushujaa.

"Dokta, toa na ile. Nimalize kabisa."

"Apana. Ile bado nzima, nitaiziba. Mi sitoi jino eti juu mwenyewe amechoka nayo."

Bi Zaina akacheka mpaka akajifunika mdomo kwa mtandio.

Ganzi ilipokolea nilisikia kusukumwa tu. Jino likatoka, na usaha pamoja nalo. Nikauma pamba, nikaambiwa siku hiyo nisisukutue wala kutema kwa nguvu, nile vitu laini visivyo moto, nimalize dawa zote, na damu isipokoma nirudi.

Nyumbani Bi Zaina alinipoozea uji, yeye mwenyewe amefunga. Kisha akakaa mlangoni na beseni lake la unga, mgongo kwangu, ili nisione haya kwa wapitao. Sijawahi kunywa uji mtamu kama ule. Kanzu kadhaa zilichelewa, wenyewe wakanung'unika, wakasahau. Siku nilizokula nilizilipa baada ya Idi bila shida. Lile jino la doa jeusi lilizibwa, ninalo hadi leo, na bado linavunja mahindi ya kuchoma.

Basi nisikilize, mwanangu. Usikimbilie kung'oa, jino linalozibika lizibwe, maana likishatoka halioti tena. Lakini likioza mpaka ndani pasipo na cha kushika, likivunjika hadi mzizini, likilegea kwa sababu fizi zimeliachilia, au lile la mwisho likikosa nafasi na kuvimba kila mara, daktari akisema litoke, litoke. Watoto nao, jino la utoto likigoma huku la ukubwa limeshachungulia, wapelekwe wakaangaliwe. Homa, uvimbe na taabu ya kumeza visingoje sikukuu, harusi wala mwisho wa kazi. Na usiifanye dini kuwa kisingizio cha woga wako; Mola aliyefaradhisha saumu ndiye aliyempunguzia mgonjwa.

Mwenyezi Mungu akulinde, kijana wangu. Akupe usingizi usiokatizwa na maumivu, riziki ya halali na meno ya kuitafunia mpaka uzee wako. Amina.