Makaa ya Witeithie Kwenye Lango la Msitu

Asubuhi hiyo nilitoka Makongeni, mtaa wa Thika, bila kujua ninakoenda. Nilishuka Witeithie kwa sababu tu niliona basi la wanafunzi limesimama mbele ya muuza makaa, na watu wanazozana.

Mpishi wao alikuwa amewaangusha. Mwalimu wao wa biolojia, mama wa makamo, alikuwa akimpigia simu isiyoshikwa, nao wanafunzi wakipakia magunia.

"Mnaenda wapi?" nikamuuliza msichana mmoja.

"Kakamega, msituni. Kulala njaa."

Shule niliiacha mapema, lakini kitabu cha biolojia cha dada yangu nilikisoma hadi jalada likatoka. Ukurasa wa msitu wa mvua ndio niliourudia zaidi, wenye miti iliyopandana kama ghorofa. Nikamwambia mwalimu kwamba nimepikia mafundi wa mjengo kule Ruiru.

Alinitazama viatu, kisha mikono. "Ukitulisha leo, kesho unaingia msituni na sisi. Ukishindwa, unarudi Thika na dereva."

Jioni tulipofika, askari wa msitu aliona magunia akacheka hadi akaegemea lango.

"Watu wa Thika, mnaleta makaa msituni? Mkitoka nayo nitajuaje hamkuchoma miti yangu?"

"Ni ya Witeithie," tukasema, kana kwamba makaa yana kabila.

"Basi yarudi kwao."

Makaa yakabaki kwenye basi. Gesi hatukuwa nayo. Mwalimu akanishika bega. "Pole, kijana. Watakula mkate. Wewe panda, dereva anageuza."

Sikupanda. Nilikimbia hadi boma la kwanza lililokuwa likitoa moshi. Mama mwenye boma aliacha kupuliza moto.

"Mulembe," akanisalimu, kisha akanisikiliza hadi mwisho. Akaepua sufuria yake mafigani. "Leta unga. Lakini usinisongee ugali wa Wakikuyu, ule wa kunywa na kikombe."

Nikasonga, yeye amesimama nyuma yangu. "Ongeza unga. Ongeza. Unaogopa nini?"

Wanafunzi walikula wakiwa wameketi kwenye nyasi za boma. Mwalimu akamega tonge, akatafuna polepole, kisha akamwambia dereva aende zake.

Vitanda vya bweni la wageni pale msituni vilikuwa vya wanafunzi peke yao. Mama alikuwa ameshalifikiria hilo. Akanipeleka kwenye nyumba ndogo ya udongo karibu na lango la boma, simba ya mwanawe, nyumba ambayo kijana wa huko hujengewa akikua. Akafukuza kuku aliyekuwa kitandani, akatandika blanketi.

"Mwenyewe yuko Ruiru, kwa kiwanda," akasema. "Huko watu wanakula vizuri?"

Nikamwambia kuna vibanda vizuri vya chakula, na akina mama huongeza mboga ukiomba kwa heshima.

Akaukung'uta mto vumbi, akauweka sawa. "Sasa lala, baba. Nyani wa hapa huamka kabla ya watu."